Wasomaji wa Buganda, na Chuo Kisichomtoa Mtu Shambani

Katika lugha ya Kiganda liko neno moja ambalo Mswahili hana haja ya kufasiriwa, nalo ni okusoma. Maana yake ni kusoma, kama ilivyo kwetu. Lakini kwa Waganda wa zamani neno hilo lilibeba mzigo mwingine juu ya huo. Kusoma kulikuwa ndiko kusali, ndiko kwenda kanisani, ndiko kushika dini. Mtu aliyekuwa akijiweka tayari kwa ubatizo aliitwa msomaji, na watu wote wa dini mpya, wawe wa Kanisa la Kiingereza au la Kirumi, waliitwa wasomaji. Neno lenyewe lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya Waarabu na Waswahili, ambao walifika katika baraza ya Kabaka na Kurani yao miaka mingi kabla ya Mzungu wa kwanza. Tumeanza na neno hilo kwa kuwa latufaa kuliko hotuba ndefu: watu waliolitumia hawakujua tofauti kati ya kuamini na kujifunza.

Jambo tunalotaka kulizungumza ni elimu ya kazi ya Kanisa wanayopewa watu ambao si makasisi, watu wanaoishi kwa jembe, kwa duka au kwa kalamu ya ofisini, wala hawawezi kuacha shughuli zao wakae chuoni miaka mitatu. Wengi hudhani kwamba elimu ya namna hiyo ni kitu cha juzi, tena ni elimu ya nusu, iliyobuniwa kwa sababu fedha za elimu nzima hazikupatikana. Habari za Buganda zaonyesha vingine. Huko elimu hiyo ndiyo iliyotangulia, na chuo chenye mabweni na kengele kikaja baadaye.

Wamisionari wa kwanza wa Church Missionary Society walifika Buganda mwaka wa 1877. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, alifika Alexander Mackay, Mskoti, ambaye alikuwa fundi wa mitambo wala hakupata kuwekewa mikono awe kasisi mpaka alipokufa mwaka wa 1890. Huyo alifua chuma, alipasua mbao, alipiga chapa kurasa za kusomea, na vijana wa Kabaka waliokuja kutazama kazi ya mikono yake walijifunza herufi hapo hapo penye karakana. Vitabu vya kwanza alivyowafundishia vilikuwa vya Kiswahili, Injili zilizofasiriwa Unguja na Askofu Edward Steere. Maana Kiganda kilikuwa bado hakijaandikwa vitabu, na wengi katika baraza ya Kabaka Mutesa walikijua Kiswahili kwa ajili ya biashara. Tarehe 18 Machi 1882 wakabatizwa watu watano. Basi mwalimu mkubwa wa kwanza wa Kanisa la Uganda hakuwa kasisi, wala darasa lake halikuwa chuo.

Makasisi wa Kirumi walikuwa wameingia Buganda mwaka wa 1879, nao, kwa kuona hatari, waliondoka mwezi wa Novemba 1882 wakavuka ziwa kwenda kusini. Hawakurudi hata Julai 1885. Katika muda huo wa miaka karibu mitatu wasomaji wao hawakuwa na padre, hawakuwa na Misa, hawakuwa na mtu wa kuwaelekeza. Ingeweza kudhaniwa kwamba mapadre wakirudi watakuta jivu. Walikuta watu wameongezeka. Katika jumba la Kabaka alikuwako Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa karibu wa mfalme, aliyewafundisha vijana wa zamu. Na huko Mityana, mwendo wa siku kadha, alikuwako Mathias Kalemba, mtu mwenye cheo chake na mashamba yake, aliyekusanya watu wa kijiji akawafundisha yale aliyofundishwa. Kila mmoja alikuwa na kazi yake ya kila siku na bwana wake wa kumtumikia.

Mutesa alikufa mwaka wa 1884 akatawala mwanawe Mwanga, na mambo yaliyofuata yajulikana sana. Yosefu Mukasa aliuawa Novemba 1885. Mathias Kalemba aliuawa mwaka uliofuata, mwezi wa Mei. Na tarehe 3 Juni 1886 wasomaji wa makanisa yote mawili walichomwa moto huko Namugongo. Upande wa Kanisa la Kiingereza, wamisionari walikuwa wameona mapema kwamba huenda wakafukuzwa wakati wo wote, kwa hiyo mwaka wa 1885 waliweka baraza ya wazee wa Kiganda ishike kazi. Tena katika miaka ya 1888 na 1889, Wakristo walipokimbilia Nkore kwa vita vya ndani, maelfu yao waliishi ugenini chini ya wakubwa wao wenyewe. Walichukua vitabu vyao, wakasoma. Hatusemi kwamba hali hiyo ilikuwa njema, maana hakuna mtu anayetamani chuo cha namna hiyo. Twasema tu kwamba walipotoka humo walikuwa wamekwisha kuwa Kanisa lenye walimu.

Hayo ndiyo aliyoyakuta Askofu Alfred Tucker alipofika Mengo mwezi wa Desemba 1890. Alikaa majuma machache tu. Lakini kabla ya kuondoka, mwezi wa Januari 1891, aliwapa Waganda sita cheti cha kuhubiri na kufundisha, miongoni mwao Henry Wright Duta na Sembera Mackay. Mwaka wa 1893, mwezi wa Mei, aliwaweka Waganda wa kwanza kuwa mashemasi, na mmoja wao, Nikodemo Sebwato, alikuwa mkuu wa jimbo zima. Alikuwa shemasi na liwali kwa pamoja. Leo twaweza kushangaa, na huenda wengine wakanung'unika kwamba mambo ya serikali na ya madhabahu yalichanganywa. Lakini Askofu hakuona sababu ya kumwambia Sebwato aache kazi moja kwanza ndipo aanze nyingine. Sisi twaona kwamba katika hilo Tucker alikuwa na macho kuliko wengi waliokuja nyuma yake.

Na sasa twafika kwa George Pilkington. Huyu alikuwa Mwairishi, mwanachuo wa Cambridge, naye pia, kama Mackay, hakuwa kasisi. Alikuwa na kipawa cha lugha kisicho cha kawaida. Agano Jipya la Kiganda lilikwisha mwaka wa 1893, na Biblia nzima mwaka wa 1896, na katika kazi hiyo Henry Duta alikuwa mkono wake wa kuume. Biblia hiyo ilichapwa Uingereza kwa umbo la ajabu: nyembamba kwa upana, nene kama tofali, kwa makusudi iingie katika debe la biskuti. Maana kitabu katika nyumba ya nyasi kina adui wawili, mchwa na mvua, na debe la biskuti ndilo lililokuwa kabati la kila mtu. Twaitaja habari hiyo ndogo kwa kuwa yatuonyesha ni nani aliyekusudiwa kukisoma kitabu hicho. Kabati za vioo za chuo hazihitaji Biblia ya umbo la debe.

Mwishoni mwa mwaka wa 1893 palitokea Mengo uamsho mkubwa wa roho, na baada yake Pilkington akatoa shauri ambalo ndilo kiini cha maongezi haya. Watu walikuwa wakija mji mkuu kutoka mbali ili wasome, wakikaa kidogo na kurudi. Yeye akasema kwamba yafaa kinyume chake: nyumba za kusomea zijengwe vijijini, kwa miti na nyasi, na kila moja iwe na mwalimu wake. Waganda waliziita nyumba hizo masinagogi. Kwa hesabu aliyoikadiria Pilkington mwenyewe, mwanzoni mwa mwaka wa 1894 hazikupita 20. Mwaka ulipokwisha zilikuwa karibu 200.

Walimu wa nyumba hizo walitoka wapi? Walitoka mle mle katika wasomaji. Kanuni ya Kanisa hilo ilikuwa kwamba mtu asibatizwe kabla hajaweza kusoma Injili kwa macho yake, isipokuwa mzee sana au kipofu. Kwa hiyo kila Mkristo alikuwa amekwisha pita mlango wa kwanza wa elimu, na aliyepita vizuri aliweza kumfungulia mwenziwe. Waliotaka kuwa walimu waliitwa Namirembe kwa muda, wakafundishwa Maandiko, wakaulizwa maswali, wakapewa barua ya ruhusa. Kisha baraza ya Kanisa, ambayo ilikuwa na Waganda wengi ndani yake, ikawatuma. Baadaye waliitwa tena kujifunza zaidi, na waliofaulu walipandishwa daraja. Mtu alisoma, akaenda kufundisha, akaona penye upungufu wake, akarudi kusoma. Twapenda kulitilia mkazo jambo hilo la tatu. Mwanafunzi ambaye hajapata kusimama mbele ya watu hajui la kuuliza. Lakini yule ambaye mzee wa kijiji amemwuliza juma lililopita kwa nini Mungu alimwacha Ayubu ateswe, huja darasani na swali linalomwunguza.

Malipo yao yalikuwa haba, tena yalitoka kwa Waganda wenyewe. Tucker alishika neno moja bila kulegea: mishahara ya walimu na majengo ya makanisa vitokane na michango ya Kanisa la nchi, si fedha za Ulaya. Basi mwalimu alipewa shamba la migomba karibu na sinagogi, nguo, na kauri kidogo. Ndiyo kusema, aliishi kama majirani zake walivyoishi, na alilima.

Mfano mmoja watosha kuonyesha nguvu ya njia hiyo na udhaifu wake pia. Apolo Kivebulaya alibatizwa mwezi wa Januari 1895, naye alikuwa mtu mzima aliyepata kuwa askari. Mwaka ule ule alitumwa Toro kufundisha. Mwaka wa 1896 alivuka milima akafika Boga, mahali ambapo leo pamo katika nchi ya Kongo. Elimu yake ya chuo tukiihesabu kwa miezi haitajaza mwaka. Huko Boga mkuu wa nchi, Tabaro, alimchukia. Nyumba yake ilichomwa, akapigwa, akafungwa. Hakuondoka moja kwa moja. Kila alipotolewa alirudi, na mwisho Tabaro mwenyewe akaomba ubatizo. Apolo alifanywa shemasi mwaka wa 1900 na kasisi mwaka wa 1903. Katika miaka ya mwisho aliingia msituni kwa Wambuti akafundisha huko. Alikufa Boga mwezi wa Mei 1933, akiwa ameagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, kwenye msitu, badala ya kuelekea kwao Buganda.

Huo ndio upande wa nguvu. Udhaifu ni huu: tangu mwaka wa 1896 hata 1903 watu aliowafundisha hawakuweza kupokea Meza ya Bwana kutoka mkononi mwake. Aliruhusiwa kuwazaa lakini hakuruhusiwa kuwalisha. Boga ilimpata kasisi wake, tena upesi kwa kulinganisha. Mahali pengi hapakupata. Na kulikuwa na waalimu wengi, wasio na moyo wa Apolo, waliofika mpaka wa kile walichokijua na kukaa hapo hapo, wakirudia mafundisho yale yale mwaka baada ya mwaka. Twalisema hili ili msikilizaji asidhani kwamba twahubiri juu ya enzi ya dhahabu.

Kanisa la Kirumi katika nchi ile ile lilishika njia nyingine kwa upande wa mapadre, na haki yataka tuitaje. Mwaka wa 1893, wakati Tucker alipokuwa akiwaweka mashemasi wake wa kwanza, Mapadre Weupe walianza seminari ya vijana huko Buddu. Kilatini, falsafa, theolojia, miaka na miaka. Wengi waliingia, wachache wakabaki. Ilipita miaka 20 ndipo wakapatikana mapadre wawili wa kwanza, Bazilio Lumu na Viktoro Mukasa, waliowekewa mikono tarehe 29 Juni 1913. Mtu mwenye haraka angesema kwamba hiyo ni hasara. Lakini katika shina hilo hilo alitoka Yosefu Kiwanuka, aliyefanywa askofu wa Masaka mwaka wa 1939 na Papa Pius wa Kumi na Mbili mwenyewe huko Roma. Chuo kirefu huzaa miti ya namna yake. Ila tusisahau ni nani waliochunga vijiji katika miaka ile 20: ni makatekista, watu wa jembe.

Kwa upande wa Waanglikana, chuo cha Mukono kilichoitwa kwa jina la Askofu Tucker kilianzishwa mwaka wa 1913. Hakuna atakayelaumu kujengwa kwake. Lakini kidogo kidogo mawazo yalibadilika, na elimu ya kweli ikaonekana kuwa ni ile ya Mukono, na ile ya mwalimu wa kijiji ikawa makombo.

Kisha ikaja shule. Zamani mwalimu wa sinagogi alikuwa mwalimu wa kila kitu, wa herufi na wa Injili. Tangu mwaka wa 1925 hivi, serikali za Kiingereza katika Afrika ya Mashariki zilianza kutoa misaada ya fedha kwa shule za misioni zilizofikia kipimo chake, na hapo kazi moja ikapasuka mbili. Mwalimu wa shule akapata mafunzo, cheti na mshahara wa kila mwezi. Mwalimu wa Kanisa akabaki na barua yake ya zamani na michango ya waumini. Kijana mwenye akili, aliyetoka katika shule kama King's College Budo, angechagua nini? Sisi hatumlaumu. Wala hatuwalaumu walioomba misaada ile, maana shule zilihitajiwa sana. Lakini kwa maoni yetu hakuna siku moja iliyobadilisha elimu ya waumini katika nchi zetu kuliko siku ile fedha ilipofuata ubao na chaki na kuiacha mimbari ya kijijini. Tangu hapo watoto waliwapita kwa elimu wale waliowafundisha sala, na mzee aliyesimama kusoma somo la Jumapili aliweza kusahihishwa na mjukuu wake.

Dawa ya jambo hilo, au sehemu ya dawa, ilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Katika nchi ya Guatemala, Amerika ya Kati, Kanisa la Kipresbiteri lilikuwa na seminari yake. Mwaka wa 1962 walihesabu matunda ya kazi ya miaka 25, wakakuta kwamba wachungaji waliokuwa bado katika kazi ni 10 tu. Wengine walikuwa wamezoea mji, au elimu iliwapeleka katika kazi nyingine. Na wakati huo huo, katika milima na mashamba ya kahawa, makanisa madogo yaliongozwa na watu wazima wenye wake na watoto, ambao hawangeweza kamwe kuhamia seminarini. Hao ndio waliokuwa viongozi kweli, nao hawakufundishwa. Basi mwaka wa 1963 walimu wa seminari ile, James Emery na Ralph Winter, na baadaye Ross Kinsler, waliigeuza kazi. Vitabu viliandikwa vya kujisomea nyumbani, hatua kwa hatua, swali kwa swali. Na kila juma mwalimu alisafiri kwenda kukutana na wanafunzi karibu na kwao. Katika miaka michache wanafunzi walipita 200.

Wataalamu wa elimu waliifananisha njia hiyo na ua. Ufito mmoja ni masomo ya nyumbani, ufito wa pili ni kazi anayoifanya mtu katika kanisa lake, na nguzo ni mikutano ya kila juma inayovifunga pamoja. Fito bila nguzo hulala chini. Mtu aliyeyajua masinagogi ya Pilkington angeutambua ua huo mara moja, ijapokuwa watu wa Guatemala hawakuwa wakiiga Buganda. Walifika hapo kwa miguu yao wenyewe. London nayo ilikuwa imetangulia kidogo: mwaka wa 1960 dayosisi ya Southwark ilianzisha mafunzo ya jioni na ya mwisho wa juma, ili watu wa viwandani na wa ofisini waweze kutayarishwa kuwa makasisi bila kuacha kazi zao.

Katika miaka ya 1970 mpango wa Guatemala ulifika Afrika, na kwa Kiswahili ukaitwa elimu ya theolojia kwa enezi. Jina hilo ni zuri, kwa kuwa lasema kwamba elimu ndiyo inayokwenda kwa watu. Umewafaa hasa wanawake, ambao ndio wengi katika makanisa yetu, na ambao chuo cha bweni kiliwafungia mlango bila hata kusema neno. Maana ni nani atakayewaachia watoto na shamba miaka mitatu?

Shida zake ni zile zile za zamani. Vitabu huchelewa. Mwalimu anayesafiri huchoka, au baiskeli huharibika wakati wa masika, na nguzo za ua zikikosekana mwanafunzi husoma kijitabu chake peke yake mpaka taa inapomwishia mafuta. Na liko swali la Boga, ambalo makanisa mengi hayajalijibu. Mtu akimaliza masomo ya enezi kwa miaka minne au mitano, huku akilea kanisa lake kila Jumapili, apewe nini? Mara nyingi hupewa cheti, akapigiwa makofi, akaitwa mwinjilisti. Na anayetaka kuwekewa mikono huambiwa aende chuoni. Kasisi mmoja huwa na makanisa madogo mengi katika mtaa wake, na kila moja lina mwalimu wake. Siku kasisi anapofika kwa Meza ya Bwana, mwalimu huyo ndiye aliyewafundisha waliokuja kupokea, ndiye aliyefagia kanisa, ndiye aliyepiga ngoma alfajiri ya kuwaita watu. Kisha, mkate unapobarikiwa, huenda akaketi benchi la mbele pamoja na wengine na kungoja.